Mama Mzazi Hatolewi Nje

Nasikia mmetumiwa orodha ya vitu vya kutayarisha kabla ya kozi kuanza: kompyuta yenye kamera nzima, vidude vya kusikilizia masikioni, bando la kutosha, na chumba kisicho na kelele. Hicho chumba kisicho na kelele mkikipata huku Likoni, nijulisheni na mimi nihamie. Kwenye orodha hiyo nawaongezea kitu kimoja tu: kiti cha pili. Ni kiti cha nini na kinawekwa wapi, nitawaambia. Lakini mtanivumilia, maana mimi ni mtu wa pwani, na kwetu maneno hayaanzi kabla ya salamu.

Basi hamjambo? Mimi ni Mwanamisi. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi bila msaada wa hina, na miaka mingi nimeimaliza katika kituo kimoja cha afya hapa Likoni, chumba cha mwisho, kile ambacho watu walikuwa wakikipita huku wakitazama upande wa pili wasije wakaonekana. Nilistaafu mwaka jana. Daktari Akinyi, ambaye ndiye atakayewafundisha, alinipigia simu akaniomba niwaandikie maneno machache ya kuwatia moyo. Machache siyawezi. Ya kuwatia moyo ninayo, lakini yamechanganyika na ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Nianze kwa kujisifu, kwa sababu mkingoja ninyenyekee mtachelewa darasani. Nilikuwa hodari. Mtu akiletwa na ndugu watano wamemshika mikono, mimi niliwaambia wamwachie, nikampa maji, tukazungumza habari za mpira. Dawa zote nilizijua, na madhara yake, na nani atazitema mlangoni. Wanagenzi walitumwa kwangu waje waone kazi inavyofanywa.

Halafu wakaanza kuja vijana. Wa miaka kumi na tano, kumi na saba, ishirini. Zamani walikuwepo pia, msidhani ugonjwa huu umeletwa na simu, ila zamani kijana wa namna hiyo aliambiwa ana deko, au ana pepo, au anahitaji kazi ya kumchosha. Sasa walikuwa wanaletwa kituoni, na mimi hodari sikuwa na cha kuwapa. Nitawaambia tulichokuwa tukifanya: kijana tulimpa nusu ya maswali ya mtu mzima na nasaha maradufu. Kisha tulimpa tarehe ya kurudi, na wengi hawakurudi, na sisi tukasema wamepona.

Ndipo likatoka tangazo la stashahada ya uzamili ya afya ya akili ya vijana, masomo yote mtandaoni, kwa wauguzi, maafisa tabibu na walimu wa ushauri. Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Binti yangu akaniuliza, "Mama, si ungoje pensheni upumzike?" Nikamwambia pensheni itanikuta nasoma.

Siku ya kwanza nilivaa buibui jipya nikajifukiza udi, kana kwamba wanafunzi wenzangu wangeninusa kupitia kioo. Daktari Akinyi alikuwa bara huko, na sisi tumetawanyika kila mahali. Alikuwa anaeleza ratiba, darasa kimya, na mimi sijui kwamba maiki yangu iko wazi. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka themanini na tukikaa pamoja, akaita kutoka chumbani.

"Mwanamisi!"

"Abee, mama!"

Daktari akasimamisha maelezo. "Ndiyo, Mama Mwanamisi. Uko na swali?"

Kabla sijajibu mama akapaza sauti, "Ule mchuzi umeutia chumvi weye, au wataka kutuua?"

Darasa lilicheka mpaka mwalimu mmoja akatoweka kwenye kioo, nadhani alianguka kitini. Mimi nilikuwa na mvi na bado naitika abee, na siku niliyoacha kuitika ni kwa kuwa wa kuniita hayupo tena. Mwenyezi Mungu amrehemu. Lishikeni hilo la mama yangu, nitalirudia.

Daktari Akinyi alikuwa na umri wa binti yangu wa pili. Kila kipindi alianza kwa kuniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akanipa alama mbaya. Sitawaficha, hilo lilinichoma. Na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimekatwakatwa, na sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu: mtu akikosea lugha tunadhani amekosea na maneno.

Sasa nifike kwa Riziki. Si jina lake. Mwenyewe ameniruhusu niwasimulie habari zake, na jina hilo kalichagua yeye.

Riziki alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Aliletwa na mama yake, Bi Saumu, ambaye anauza mahamri na mbaazi za nazi karibu na feri. Mahamri ya Bi Saumu yana wateja wanaovuka maji kuyafuata.

"Sista, mwanangu hawezi," aliniambia Bi Saumu hata kabla hajakaa. "Kichwa chamuuma, usiku halali, chakula hali. Nimempeleka kwa mwalimu wa madrasa kapewa kombe, kanywa siku tatu, lakini wapi."

Kombe, kwa nyinyi wageni, ni maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Msije mkamcheka anayekuja kwenu baada ya kunywa kombe. Mwambieni amefanya vyema, na sasa tuongeze la hospitali. Ukianza kwa kumdharau mwalimu wake, ushampoteza yeye na ukoo mzima.

"Na huyu ndiye daktari wetu, sista," aliendelea Bi Saumu, uso ukimng'aa. "Kila mwaka namba moja. Ukija pale kwangu asubuhi, wateja wote wamjua. Hawaniulizi hali, waniuliza daktari hajambo?"

"Mashallah!" nikasema mimi. "Kumbe ni daktari mwenzetu! Hebu, daktari, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una mawazo yoyote?"

"Sina."

"Kuna mtu akusumbua shuleni?"

"Hapana."

"Na masomo wayapenda?"

Hapo mama ndiye aliyejibu. "Huyu? Vitabu ndicho chakula chake."

Msichana alikuwa akitazama vidole vyake. Mara moja alifungua mdomo, akamtupia jicho mama yake, akaufunga. Nililiona hilo. Nililiona kwa macho yangu mawili, nikaendelea kuzungumza. Nikamwaga nasaha: alale mapema, anywe maji, simu aiweke mbali, aswali, amshukuru Mungu kwa akili aliyompa. Nikampa dawa ya kichwa na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Walipotoka nikaandika kwenye faili: "Mtoto mwenye adabu. Hana tatizo kubwa." Sentensi hizo mbili, kama karatasi ingelika, ningeitafuna.

Mtu aliyenifundisha kazi hii nikiwa msichana, marehemu Bwana Kombo, alikuwa na neno lake. "Mtu wa hapa hata awe taabani, ukimuuliza hujambo atakwambia hajambo. Hilo si jibu, hiyo ni adabu. Jibu liko nyuma yake. Ngoja." Neno hilo nililifundisha kwa wanagenzi kila mwaka. Kulifundisha ni rahisi sana.

Wiki hiyo hiyo darasani tulikuwa na zoezi la igizo. Mmoja awe mtaalamu, mwenziwe awe kijana, wengine watazame. Mimi nilipangwa na Kazungu, afisa tabibu kutoka Kisauni, mtu wa ndevu nyingi na sauti nzito, na yeye ndiye aliyetakiwa awe msichana wa miaka kumi na sita. Akajitanda leso ya mkewe kichwani. Mnaweza kukisia kicheko. Lakini alipoanza, wallahi, nilimwona msichana. Aliinamisha kichwa, akakunja vidole, akajibu kwa sauti ya chini. Nami nikafanya kama nifanyavyo kazini kila siku. Tulikubaliana kwamba mama yake yupo, ameketi kando yake, ingawa hakuna mtu aliyeigiza huyo mama.

Tulipomaliza, Daktari Akinyi alikuwa ameshika saa.

"Dakika ishirini," akasema. "Mama Mwanamisi ameongea kumi na sita. Mama, samahani, lakini umemwambia huyu mtoto vitu kumi na moja mizuri. Yeye hajakuambia hata kitu moja mbaya."

Nikasahihisha moyoni: vizuri, kimoja, kibaya. Kumsahihisha mtu lugha ni njia nzuri ya kutosikia anachosema.

"Kazungu," akauliza Daktari, "ulikuwa unataka kusema kitu?"

Kazungu akavua leso. "Nilitaka. Nilikuwa nimejiandalia mambo mazito kweli. Lakini nikimwangalia mama, nashindwa."

"Mama gani? Hakukuwa na mtu hapo."

"Alikuwepo," akasema Kazungu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Daktari akanigeukia. "Kwa nini hukumtoa mama yake nje, muongee na mtoto peke yake?"

"Daktari, kwetu mama mzazi hatolewi nje."

"Lakini akiwa hapo mtoto hatasema."

"Nyinyi wa bara mwaweza kumtoa mama wa watu kama mtu atoaye kuku jikoni," nikasema, na darasa zima likisikia. "Sisi hatuwezi. Mwanamke kabeba tumbo miezi tisa, kanyonyesha, kauguza, leo mimi nimwambie atupishe? Nikimtoa, hatarudi, na mwanawe hatarudi."

Kisha nikazima kamera. Nikaandika ujumbe kwamba stima imepotea Likoni, umeme hakuna. Stima haikupotea. Mimi, mtu mzima, mwenye kuswali, nilidanganya kwa kuwa nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hasira kwa sababu nilipokuwa nikimwangalia Kazungu na leso yake nilikuwa namwona msichana mwingine, wa kweli, aliyefungua mdomo akaufunga.

Nilijipa moyo: atarudi tarehe yake, nitamuuliza vizuri. Tarehe ikafika. Nilikaa mpaka adhuhuri, nikatazama mlango mpaka alasiri. Hakuja.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuingia kazini, nikaenda kwa Bi Saumu. Nilimkuta na beseni lake, mvuke wa mbaazi unapanda, foleni ya watu wa feri mbele yake. Akanipa hamri la moto bila kuniuliza.

"Mbona jana hamkuja?" nikamuuliza.

"Ah, sista, alhamdulillahi, kichwa chapoa. Ametulia siku hizi. Ametulia hata nashangaa." Akainama kunisogezea kikombe, akateremsha sauti kwa furaha. "Imani imemwingia mwanangu. Jana kagawa vitabu vyake vyote kwa mtoto wa jirani. Nguo yake ya Idi kampa mdogo wake. Asema hana haja navyo."

Nikaliweka hamri chini.

Nyinyi mnaoanza, hili mliandike kwa kalamu isiyofutika: kijana aliyekuwa katika dhiki, kisha akatulia ghafla, kisha akaanza kugawa vitu anavyovipenda, usimpongeze. Kimbia.

"Yuko wapi sasa hivi, Bi Saumu?"

"Nyumbani, na mdogo wake."

"Twende tukamchukue."

"Sasa? Na haya mahamri yangu?"

Nikamwambia anifungie yote, ni ya kituoni. Siku hiyo kituo kizima kilikula mahamri, hata mlinzi akauliza nani anaoa. Lakini njiani sikuwa na mzaha wowote. Tulipofika, Riziki alikuwa ameketi ukumbini anamsuka mdogo wake nywele. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na wao wakanishangaa. Mdogo mtu tukamwacha kwa jirani, sisi watatu tukafuata barabara ya kituoni, na njia nzima nilimshika Riziki mkono kama nimshikavyo mjukuu wangu tukivuka barabara.

Tukafika mlangoni kwangu, na hapo ndipo nilipokwama. Nilisimama na ufunguo mkononi. Nilijua kwamba Riziki hatasema mbele ya mama yake. Nilijua vilevile kwamba nikimwambia Bi Saumu atungoje nje, kwenye benchi, mbele ya majirani wanaojua chumba hiki ni cha nini, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu asiyestahili kuvunjiwa. Nikamfikiria mama yangu. Mtu angemwambia mama yangu, mbele yangu, "Hebu tupishe," mimi ningemsamehe? Nisingemsamehe.

Kisha nikajiuliza jambo ambalo ningejiuliza miaka ishirini nyuma kama ningekuwa na akili. Nyumbani kwetu akija mgeni mwanamke wa heshima, tunamweka wapi? Barazani? Barazani huwekwa mpita njia. Mgeni wa heshima tunamwingiza ndani, ndani kabisa, tukamtandikia.

Nyuma ya chumba changu kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea mafaili, hakina njia ya kutokea isipokuwa kupitia kwangu. Nikachukua kiti cha pili, nikakiweka humo. Nikatoa leso mpya kwenye mkoba wangu, nikaitandika juu yake. Nikamwita muuguzi mwenzangu, Halima, alete chai ya tangawizi na daftari.

"Bi Saumu," nikasema, "karibu ndani. Wewe ndiwe umjuaye mtoto huyu tangu tumboni, na sisi tulikosa adabu mara ile, hatukukusikiliza. Leo Halima atakaa nawe akuandikie yote, tangu kuzaliwa kwake, pasi na mtu kukukatiza."

Akaniangalia. Akamwangalia mwanawe. "Na yeye?"

"Yeye yuko nami hapa. Mlango ni huu mmoja."

Bi Saumu akajitengeneza buibui lake, akaingia kifua mbele. Nikamsikia akianza, "Ilikuwa siku ya mvua, mwanangu, mvua ya kweli," na nikajua hapo nina saa nzima.

Nikaurudisha mlango. Nikakiondoa kiti changu nyuma ya meza, nikaketi kando ya Riziki. Nikamwambia mambo mawili tu. La kwanza, atakayoniambia hayatoki kwangu. La pili, isipokuwa moja: nikiona maisha yake yamo hatarini, hilo sitalibeba peke yangu, na nitamwambia yeye kabla ya kumwambia mtu mwingine. Msije mkaahidi siri isiyo na mpaka. Kijana akija kugundua umemdanganya, hatamwamini tena mtu mwenye koti jeupe.

Nikamuuliza hali yake. "Sijambo," akasema.

Nikangoja.

Hamjui ugumu wa kungoja kwa mtu anayejua kusema kama mimi. Nilitazama ukutani. Upande wa pili Bi Saumu alikuwa amefika kwenye jino la kwanza. Nikangoja tena. Kisha nikamuuliza lile swali ambalo maisha yangu yote nililizunguka, kwa kuogopa kwamba ukimtajia mtu jambo hilo utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Kozi ilikuwa imetufundisha kwamba si kweli, na kwamba kuuliza wazi kunampunguzia mzigo. Nililijua hilo kwa kichwa. Siku hiyo ilinibidi nilijue kwa mdomo.

"Riziki, umekuwa ukiwaza kujiua?"

Akainua uso. Hakushtuka.

"Ndiyo," akasema. "Tangu mwezi uliopita."

Basi akasema. Alisema muda mrefu na mimi sikutia neno. Kwamba herufi zilikuwa hazikai tena kichwani, anasoma ukurasa mara tano na haoni kitu. Kwamba asubuhi mwili hautaki kuinuka. Kwamba kila apitapo pale kwa mama yake, watu wa feri wanamwita daktari, na yeye anajiona mwizi aliyevaa jina la mtu mwingine. Kwamba aliona ni heri asiwepo kuliko mama yake aje kujua.

Kisha akaniambia jambo ambalo nawaandikia kwa mkono mzito.

"Siku ile ya kwanza nilikuja nikwambie, sista. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Halafu na wewe ukaniita daktari."

Nililia. Vitabu vyenu vitawaambia msilie mbele ya mgonjwa, na vitabu vina haki yake. Nilimwomba radhi, nikafuta macho kwa ncha ya mtandio, nikarudi kazini.

Tulifanya kazi, mimi na yeye, robo saa nzima, kuyatafuta maneno ya kumwambia mama yake. Aliogopa kwamba Bi Saumu ataanguka. Tukayajaribu hivi, tukayajaribu vile, mpaka yakamkaa mdomoni. Ndipo nikaufungua mlango. Bi Saumu alikuwa amefika darasa la sita.

"Mama," akasema Riziki, "nimeshindwa kusoma. Herufi hazikai. Siwezi kuwa daktari, na niliona bora nisiwepo."

Bi Saumu hakuanguka. Aliketi chini, sakafuni, miguuni pa mwanawe, akamshika magoti.

"Mimi sikuzaa daktari," akasema. "Mimi nilimzaa Riziki. Hayo mengine yalikuwa ni maneno ya biashara tu, mama yangu. Ni maneno ya kuuzia mahamri."

Halima akatoka mbio kwenda kulia kwingine.

Nilitoka hadi ukumbi wa kituo nikampigia Daktari Akinyi. Sikumpa hata salamu, jambo ambalo sijalifanya kabla wala baada. Nikamweleza. Mwingine angesema, "Si nilikuambia?" Yeye alisema, "Mama, umefanya vizuri sana. Sasa leo asiachwe peke yake hata dakika moja," akanipa mpango, hatua kwa hatua, na mimi nikaandika kama mwanafunzi, maana ndivyo nilivyokuwa. Alasiri hiyo hiyo Riziki alionwa na daktari wa akili. Ilikuwa sonona, ile huzuni isiyoondoka kwa nasaha. Nyumbani Bi Saumu aliondoa kila cha hatari, akahamishia kitanda chake karibu na cha mwanawe. Haikuwa kazi ya wiki moja. Ilichukua miezi, dawa, mazungumzo, kurudi nyuma, kusonga mbele.

Kabla hatujakata simu siku ile nikamwambia Daktari, "Na ile stima haikupotea."

"Najua, mama," akasema. "Ulizima kamera, lakini maiki uliacha. Nilisikia feni inazunguka."

Kipindi kilichofuata akaniomba nilieleze darasa kuhusu kile kiti. Kazungu akakipeleka Kisauni, mwalimu mmoja akakipeleka shuleni kwake Changamwe, na leo kimo katika masomo yenu, mtakikuta wiki ya tatu. Wamekipa jina refu la kitaalamu. Mimi nakiita kiti cha mama. Masharti yake ni machache: kiwe kizuri kuliko chako, kiwe ndani na si nje, na anayekaa na mama awe anasikiliza kwelikweli, kwa sababu mama akigundua kwamba amewekwa tu mahali, amekwisha fukuzwa. Na msishangae mkipata humo mambo ambayo mtoto mwenyewe hayajui. Bi Saumu alimwambia Halima siku ile kwamba yeye pia, baada ya kujifungua Riziki, alilia mwaka mzima na hakuna aliyemuuliza.

Nyinyi mna bahati. Mtaanza mkijua yale niliyojifunza nikielekea kustaafu. Majina ya magonjwa mtayajua mengi kuliko mimi, na vijana wengine watawaandikia simuni kile wasichoweza kukitamka, waacheni waandike. Mtakosea pia, lakini mimi sina wasiwasi na nyinyi. Ila mkiona mmeongea dakika kumi na sita kati ya ishirini, mkumbukeni mwanamke mmoja wa Likoni aliyekuwa hodari.

Riziki ni mwalimu wa chekechea siku hizi. Hunipigia kila Ijumaa. Wiki iliyopita alipiga nikiwa na kompyuta mbele yangu, naanza kuwaandikia nyinyi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Leo siyo sana," akasema. "Wiki hii imekuwa nzito kidogo."

Nikaifunga kompyuta, nikavuta kiti, nikangoja.